Somo la Saba: Mtoto Amefika Wapi? Haki ya Mzazi Kupata Taarifa za Ujifunzaji Darasani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini mzazi wa mtoto asiyelipiwa ada bado ana haki ya kupewa taarifa;
(b) kutofautisha taarifa inayomsaidia mtoto na ile isiyomsaidia;
(c) kupima mwenyewe, nyumbani, kama mtoto wake anajua kusoma;
(d) kufuata hatua zinazofaa pale taarifa inapokosekana.

1. Stakabadhi ya ufuta na ripoti ya mtoto

Mkulima wa ufuta wa Kilwa hafikishi magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Hurudi na stakabadhi inayoonyesha kilo alizopeleka. Kama hakupewa, huuliza. Kama kilo zimepungua, hubisha mpaka mizani irudiwe. Hata mkulima asiyejua kusoma huikunja karatasi hiyo na kuiweka mahali pa usalama, maana anajua kwamba bila hiyo hana cha kusemea siku ya malipo.

Mkulima huyohuyo humpeleka mwanawe Darasa la Kwanza mwezi Januari. Mwaka unapita, kisha wa pili na wa tatu. Ukimuuliza mtoto anaendeleaje, hujibu, “Anakwenda shule.” Hajui kama mtoto anasoma sentensi au bado anahangaika na silabi. Jibu hulipata mtoto afikapo Darasa la Nne na kufanya upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani mwishoni mwa mwaka wa nne. Kwa mtoto ambaye hakujua kusoma tangu Darasa la Pili, miaka miwili imekwisha kupotea, na kila somo alilofundishwa ndani ya miaka hiyo lilimpita juu ya kichwa.

Somo hili linahusu namna ya kuipata habari hiyo mapema, wakati bado inaweza kufanyiwa kazi.

2. Ada imeondolewa, haki imebaki

Wazazi wengi husita kuuliza kwa sababu moja: hawalipi ada. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, shule za msingi za umma hazitozi ada wala michango ya lazima. Baadhi ya wazazi wameuchukulia mpango huo kama hisani, na mtu aliyepewa hisani huona haya kuuliza maswali.

Mtazamo huo si sahihi. Serikali hutenga ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na fedha hizo ni za umma. Mvuvi anayenunua sabuni na mafuta, na mkulima anayekatwa tozo katika mauzo yake, wote wamechangia. Zaidi ya hapo, mzazi hununua sare, madaftari na kalamu, na hukosa msaada wa mikono ya mtoto shambani na nyumbani. Huduma hii ina gharama, na mwenye kuigharimia ana haki ya kujua amepata nini.

Haki za mtumiaji zilianza kutajwa kwa mpangilio tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipoliambia Bunge la nchi yake kwamba mtumiaji ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa duniani kote. Sasa tufikirie mzazi wa kijiji chenye shule moja tu, kisiwani au bara. Haki ya kuchagua, kwake, ni jina tupu: hawezi kumhamisha mtoto kama anavyohama duka. Zilizobaki mkononi mwake ni mbili, kupewa taarifa na kusikilizwa, na hizo hazina budi kushikwa kwa nguvu zaidi.

Sheria pia inamuunga mkono. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto ya kupata elimu na wajibu wa mzazi katika malezi yake. Wajibu huo hauwezi kutimizwa gizani. Vilevile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma na kupewa jibu ndani ya siku 30. Kwa kawaida mzazi hatahitaji kufika huko. Inatosha kujua kwamba anapouliza habari za mwanawe, haombi upendeleo.

3. Taarifa ipi inafaa?

Ripoti nyingi za mwisho wa muhula zina mambo matatu: alama, nafasi darasani, na maoni ya mwalimu. Tuseme ripoti imeandikwa hivi: Kusoma 38, nafasi ya 52 kati ya 87, “Ana uwezo, aongeze bidii.” Mzazi akiisoma, au akisomewa, anapata habari gani? Anajua kwamba mambo si mazuri. Hajui tatizo ni nini, wala bidii hiyo iongezwe wapi.

Nafasi darasani nayo hudanganya pande zote mbili. Mtoto anaweza kuwa wa tano katika darasa ambalo wengi hawajui kusoma, na mzazi akachinja kuku. Mwingine akawa wa 40 katika darasa lililofundishwa vyema, naye anasoma bila tatizo, akapigwa. Nafasi humlinganisha mtoto na jirani zake; haisemi anajua nini. Baraza la Mitihani lenyewe, tangu mwaka 2023, limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Nyumbani pia tunaweza kuiacha tabia hiyo.

Taarifa inayofaa hujibu maswali matatu:

Kwanza, *mtoto amefika wapi?* Kusoma kuna ngazi: herufi na silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi pamoja na kuielewa. Mtoto anayemaliza Darasa la Pili anatarajiwa kuifikia ngazi ya mwisho. Katika upimaji wa stadi za kusoma nchini, kiwango kilichowekwa kwa darasa hilo ni maneno 50 kwa dakika, pamoja na kuelewa alichokisoma. Mwalimu akisema, “Anasoma maneno, lakini aya inamshinda,” mzazi ameelewa.

Pili, *kinachomkwamisha ni nini?* Huenda hahudhurii siku zote. Huenda haoni vizuri ubaoni. Huenda anachanganya *mb* na *nd*. Huenda ana njaa.

Tatu, *nyumbani tufanye nini kabla hatujakutana tena?* Jibu liwe jambo moja au mawili, yanayowezekana katika nyumba hiyo.

Wakazi wa mwambao si wageni wa maswali haya. Katika madrasa, mzazi haulizi mwanawe amekuwa wa ngapi; huuliza amefika wapi. Hujibiwa kwa kutajiwa sura au juzuu. Na mtoto anapohitimu, wazee huitwa wakae wamsikilize akisoma. Mzazi anayetumia kipimo hicho jioni ana kila sababu ya kukitumia asubuhi.

4. Taarifa peke yake haitoshi

Hapa ni lazima tuseme ukweli ambao si wote wanaoupenda. Nchini Kenya, watafiti waliwafuatilia wazazi wa vijijini ambao watoto wao walipimwa nyumbani na wazazi wakaelezwa matokeo papo hapo, pamoja na kupewa maelezo ya namna ya kusaidia. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2014: wazazi walioelezwa hawakuonekana kufanya zaidi ya wale wasioelezwa. Habari ilifika, maisha yakaendelea kama kawaida.

Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha upande mwingine. Wazazi wengi walikuwa na picha isiyo sahihi kuhusu uwezo wa watoto wao. Walipoelezwa kwa lugha nyepesi, walibadili maamuzi. Kwa mfano, walichagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na kiwango halisi cha mtoto. Na nchini Chile, shule zilipowatumia wazazi ujumbe mfupi wa simu mara kwa mara kuhusu mahudhurio, tabia na alama za hisabati, mahudhurio na alama vilipanda.

Tukizisoma tafiti hizi pamoja, tunaona kwamba taarifa humsaidia mtoto pale mzazi anapoielewa, inapomfikia mara kwa mara, na inapomwonyesha jambo dogo analoweza kulifanya yeye mwenyewe. Mzazi anayeambiwa tu kwamba mtoto hajui hubaki na uchungu, na mara nyingi uchungu huo humwishia mtoto mwenyewe kwa fimbo. Tusilete fimbo mahali palipohitaji dakika kumi za kusikiliza.

5. Kalenda ya shule na kalenda ya bahari

Shule hupanga mikutano kwa kufuata mihula. Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi hupanga maisha kwa kufuata mwezi, upepo na mvua. Kalenda hizi mbili mara nyingi hugongana.

Ripoti za muhula wa kwanza hutoka karibu na Juni, wakati ufuta unavunwa na kupelekwa ghalani. Upimaji wa Darasa la Nne huja katika miezi ya Oktoba na Novemba, wakati korosho zimeanza kuokotwa. Siku za bamvua, kinamama na vijana wako mwambani wakitafuta pweza. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na kulala mchana. Wengine wako dago, mbali na nyumbani kwa majuma kadhaa, na mtoto amebaki na bibi. Mkutano ukiitishwa katika siku kama hizo, wanahudhuria wazazi tisa, na kumbukumbu zinaandikwa kwamba wazazi hawana mwamko. Huenda mwamko wanao. Walichokosa ni nafasi.

Yapo mambo ambayo shule na wazazi wanaweza kukubaliana bila gharama kubwa:

*Mkutano ufuate maji.* Kamati ya shule iwaulize wavuvi na wakusanya pweza siku za maji mafu, na mkutano wa wazazi upangwe humo.

*Walezi watambuliwe.* Bibi anayeishi na mtoto ndiye wa kuelezwa. Jina lake liandikwe katika orodha ya darasa pamoja na namba ya simu ya jirani kama yeye hana.

*Wawakilishi wa madarasa watumike.* Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa msaada wa Serikali ya Uingereza, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kujenga ushirikiano wa wazazi na walimu shuleni. Miradi huja na kuondoka, lakini wazazi wawili wanaojulikana kuwa wasemaji wa darasa hawahitaji mradi. Wao ndio wa kupeleka habari hadi dago.

*Ujumbe mfupi wa simu.* Ujumbe mmoja kwa mwezi unatosha. Kwa mfano: “Mwanao anasoma maneno, bado aya. Mwezi huu alikosa siku 3. Msikilize akisoma dakika 10 kila jioni.” Hauzidi ujumbe mmoja wa kawaida, na hauhitaji simu janja wala intaneti.

*Daftari la mtoto.* Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumwandikia kila mzazi barua. Anaweza kuandika mstari mmoja chini ya zoezi, na mzazi akaweka sahihi au alama ya dole gumba. Daftari linalokwenda na kurudi ni barua tosha.

6. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kupima

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Somanga ana binti wa Darasa la Pili. Kila jioni binti hufungua kitabu na kusoma ukurasa mzima bila kusita. Mama hajui kusoma. Hufurahi na kumsifu. Siku moja anashika kitabu na kukigeuza bila kukusudia, juu chini. Binti anaendelea kusoma vilevile.

Binti huyu hakumdanganya mama yake. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake wakiitikia darasani, na huenda mwenyewe aliamini kwamba huko ndiko kusoma. Kosa la aina hii halionekani katika darasa lenye watoto wengi wanaoitikia kwa pamoja. Nyumbani, ambako mtoto ni mmoja, linaweza kuonekana kwa njia hizi:

*Njia ya kidole.* Weka kidole kwenye neno lolote katikati ya ukurasa umuulize, “Hapa pameandikwaje?” Kisha rudi kwenye neno hilohilo baada ya muda. Anayesoma atatoa jibu moja mara zote mbili.

*Njia ya kanga.* Mama asiyejua kusoma huyajua maandishi ya kanga zake zote, kwa kuwa aliyauliza kabla ya kununua. Atandaze kanga ambayo mtoto hajaizoea, amwambie asome. Mama ana jibu tayari kichwani.

*Njia ya kusimuliwa.* Mtoto akimaliza hadithi, afunge kitabu na kuieleza kwa maneno yake. Anayetamka vizuri lakini hawezi kusimulia hajaelewa alichokisoma.

*Njia ya chenji.* Mtume dukani na shilingi 2,000 anunue vitu viwili. Kabla hajaondoka, akuambie chenji itakuwa kiasi gani. Akirudi, hesabuni pamoja.

Matokeo ya vipimo hivi ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na mwalimu. Mzazi anayesema, “Mwalimu, nimemwonyesha maneno matano hakuyajua, nifanye nini?” hupata jibu bora kuliko anayesema, “Mwanangu hafundishwi.”

7. Taarifa za mtoto ni siri yake

Siku hizi madarasa mengi yana makundi ya WhatsApp. Yanafaa kwa kutangaza mikutano, tarehe za kufungua na kufunga shule, au hitaji la mafagio. Hayafai kwa kuweka orodha ya alama na majina ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti. Orodha ikishatumwa kwenye kundi la watu mia, haina wa kuirudisha.

Mzazi naye ana sehemu yake. Asidai matokeo ya mtoto wa jirani, na asiisambaze picha ya ripoti, hata kama alama ni za kujivunia. Alama za mtoto mmoja zimfikie mzazi au mlezi wake peke yake, na katika mkutano lisemwe jambo la darasa zima: wangapi wanasoma hadithi, wangapi wamebaki kwenye silabi, na mpango ni upi.

8. Hatua za kufuata taarifa inapokosekana

Hatua ya 1: *Mwalimu wa darasa.* Nenda wakati ambao hafundishi, na uende na swali moja: mtoto amefika wapi? Kumbuka kwamba mwalimu huyo huenda ana watoto wengi kuliko watu wa mtaa wako. Msikilize naye.

Hatua ya 2: *Mwalimu mkuu.* Kama majuma mawili yamepita bila jibu, mweleze kwa utulivu tarehe uliyokwenda na ulichouliza.

Hatua ya 3: *Kamati ya shule.* Wazazi wana wawakilishi ndani yake. Jambo likiwa la wazazi wengi, liletwe huko kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Hatua ya 4: *Afisa Elimu Kata*, na baada yake ofisi ya elimu msingi ya halmashauri au ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya. Malalamiko yawe kwa maandishi. Asiyeandika amwombe mtendaji wa kijiji amsaidie, naye abaki na nakala.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, pia ni mahali halali pa kuuliza kuhusu shule kwa ujumla. Si mahali pa kumtaja mtoto wala kumfedhehesha mwalimu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mzazi asiyelipa ada bado ni mtumiaji mwenye haki?
2. “Ana uwezo, aongeze bidii.” Andika upya maoni haya yajibu maswali matatu ya sehemu ya 3.
3. Katika kijiji chenu, ni siku zipi za mwezi na miezi ipi ya mwaka ambayo mkutano wa wazazi usiitishwe? Eleza sababu.
4. Mzazi mwenzako ametuma kwenye kundi orodha ya alama za darasa zima. Utamwambia nini?

Zoezi la nyumbani

Jioni ya leo, keti na mtoto wako kwa dakika kumi. Mpe kanga, karatasi ya sabuni au stakabadhi ya ufuta asome, nawe tumia njia ya kidole. Mkumbushe kwamba hakuna adhabu. Kisha andika, au mwombe mtu akuandikie, sentensi moja: “Mwanangu amefika hapa.” Ipeleke sentensi hiyo kwa mwalimu wake kabla wiki haijaisha, umuulize kama naye anaona hivyo.